Gari la Mzee Kahawa Lilipokwama

Mama yangu aliposikia kwamba naacha kazi ya redio na kwamba mimi mwenyewe naiita kustaafu, aliweka mwiko chini. "Ukienda retraite na miaka makumi mbili na kenda," akasema, "ukifika makumi saba utafanya nini? Utafufuka?" Lilikuwa swali zuri, na mimi nimezoea kuheshimu maswali mazuri hata yakinichoma.

Lakini ndivyo ilivyo. Kwa miaka mitatu nimeongoza kipindi cha Jumamosi asubuhi, ambamo watu wa Bukavu wanapiga simu kueleza filamu na tamthilia walizotazama juma hilo na kusema wanavyoziona. Sasa nimepata darasa la Kifaransa kule Miti, shule inafundisha hata Jumamosi, na mwili wangu ni mmoja. Ninyi wawili mtakaokaa kwenye kiti kile mmeniomba niwaandikie namna kazi inavyofanywa. Niliwaambia inafanywa kwa mdomo na masikio, mkasema hiyo haitoshi. Basi naandika. Mambo ya vyeo sitayagusa, kwa kuwa katika redio yetu cheo ni kuaminiwa ufunguo wa choo.

Siku ya kwanza nilifika na karatasi nne. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, kazi yangu ya mwisho ilikuwa juu ya usimulizi, na nilikuwa na hakika kwamba Bukavu ilikaa miaka yote ikinisubiri niifundishe kuchambua filamu. Mnajua chumba: meza moja, vipande vya godoro vilivyobandikwa ukutani kuzuia mwangwi, saa ya ukuta, na ile simu ya vibonye iliyofungwa kwa mpira karibu na mikro ya kusemea, spika yake ikitazama juu. Chini ya meza kuna betri ya gari, kwa sababu umeme wa redio una tabia zilezile za umeme wa kila mtu. Nyuma ya kioo alikaa Papa Zihindula, fundi mitambo, ambaye tangu mimi nikiwa shule ya msingi alikuwa akifungulia habari za saa sita mchana saa sita kamili, si kabla, si baada.

Dakika kumi nzima nilisoma karatasi ya kwanza. Muundo. Mtazamo. Mgogoro. Simu ilikaa kimya. Kisha ikalia, na sauti ya mama mmoja ikasema:

"Mademoiselle, unasema muzuri sana. Lakini jana kwetu courant ilienda pale Tantine Sumu alikuwa anafungua barua. Mule mu barua kulikuwa nini?"

Sikujua. Kwetu pia umeme ulikatika. Nikamweleza kwamba la muhimu si barua ilisema nini, ni kwa nini mwandishi alichagua kutumia barua.

"Hapana, mwanangu," akanijibu kwa huruma kabisa, "la muhimu iko: kulikuwa nini?"

Akakata. Papo hapo ikalia tena. Alikuwa kijana wa Nguba, na yeye aliieleza barua yote, mstari kwa mstari, kama aliyeiandika mwenyewe. Karatasi zangu tatu zilizobaki nilizitumia baadaye kufungia karanga.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi. Tamthilia ile ilikuwa ya kigeni, imetiwa sauti za Kifaransa, juu ya tajiri mmoja mwenye mashamba ya kahawa. Majina yao halisi hakuna aliyeyashika. Tajiri tulimwita Mzee Kahawa, dada yake mbaya tulimwita Tantine Sumu, na binti wa mwisho, aliyekuwa karibu kuolewa mwaka mzima bila kuolewa, alikuwa Mudogo tu. Ilionyeshwa kila jioni. Lakini umeme wa mji unatolewa kwa zamu, jioni hii Nguba, kesho sehemu za Kadutu, keshokutwa huku na kule. Kwa hiyo ilikuwa tamthilia moja, mji mzima ukiifuata, na hakuna hata mtu mmoja aliyeitazama yote. Kila mtaa ulikuwa na kipande chake. Kipindi kilikuwa mahali pa kuvishona.

Papa Zihindula alinifundisha mambo mawili tu, na yote mawili nawaachia. La kwanza: ukimsalimu mwanamume, geuza kichwa kidogo, maana herufi ya kwanza ya "papa" ni kofi kwenye mikro, na katika mji huu kila mwanamume ni papa. La pili: msikilizaji akimaliza kusema, hesabu mpaka tatu kabla ya kujibu. "Kitu yenyewe," aliniambia, "inatoka nyuma ya pale anazani amemaliza."

La tatu nilijifundisha mwenyewe, na nilijivunia: daftari. Upande wa kushoto niliandika majina ya mitaa, juu nikaandika siku, na kila mtu aliyepiga simu nilimuuliza kwao umeme ulikuwepo jioni zipi. Palipokuwa na umeme niliweka nukta, pasipokuwa niliweka msalaba. Baada ya miezi michache niliweza kujua nani aliona nini, na nani anajisifu tu. Nilimshika bwana mmoja wa Panzi aliyekuwa akiwalaani waigizaji wa jioni ambayo Panzi nzima ilikaa gizani. Alicheka mwenyewe, wasikilizaji wakacheka, na mimi nikajiona hakimu. Naomba mkumbuke kicheko hicho.

Si kwamba watu walihitaji kufundishwa kuwa na maoni. Mfanyabiashara mmoja aliyeshuka kutoka machimbo ya dhahabu ya Kamituga alitazama filamu ya wachimbaji na akapiga simu amekasirika. "Dhahabu ya filme inatoka mu udongo imenawa," alisema. "Imenawa! Na mutu mwenye kuitoa, meno yake meupe!" Katika chuo kikuu ningehitaji kurasa kumi kusema hilo.

Miongoni mwa wapigaji wa kila juma alikuwa Maman Nabintu wa Cimpunda. Kwake hakukuwa na televisheni wala waya wa umeme. Kila jioni alikwenda kwa jirani, akatazama, kisha akarudi kumsimulia mumewe, Papa Déo, kwa Kiswahili, akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Papa Déo alikuwa dereva wa malori kwenye njia ya Kamituga mpaka ugonjwa wa sukari ulipomchukua miguu kidogo kidogo, na macho yote. Hayo Maman mwenyewe alituambia hewani, bila kulia, kama mtu anayetaja anwani. "Sasa mimi ni televizyo yake," alisema. Jumamosi mzee alikuwa na redio yake ya betri kifuani, akimsikiliza mkewe akiusimulia mji kile alichomsimulia yeye kwanza.

Alisimulia vizuri kuliko sisi sote. Lakini mwaka jana, msimu wa mvua, nilianza kusikia kitu. Mzee Kahawa, ambaye kwa mwaka mzima nilimwona akikaa ofisini akitia sahihi, kwa Maman Nabintu alianza kutoka nje. Alitembea shambani, akagusa mibuni mmoja mmoja. Juma lililofuata alikwenda sokoni kwa miguu. Na Jumamosi ya tatu Maman akasema:

"Basi Muzee Kahawa anamuacha shofa wake ku nyumba, anakamata volant, anaendesha gari yeye mwenyewe. Na mvua, ile ya kutwanga! Kufika ku kilima, gari inateleza, pneu zote mbili za nyuma zinaingia mu matope mupaka katikati. Batu banashuka. Banaleta mawe. Juu kule mvua ingine inakuja, nyeusi..."

Katika tamthilia ile sijawahi kuona matope. Barabara zake zilikuwa safi kama sahani. Nikafungua daftari, na kwenye mstari wa Cimpunda, sehemu ya kina Maman Nabintu, nikakuta misalaba mitupu: radi ilikuwa imeunguza transfoma yao. Misalaba ya majuma matatu.

"Maman," nikamkatiza, "samahani. Hayo uliyatazama siku gani?"

"Kila siku, mademoiselle."

"Lakini mu daftari yangu hapa, transfoma yenu iliungua. Courant haiko tangu juma tatu. Sasa ulitazama na courant gani?"

Nilihesabu mpaka tatu, kama nilivyofundishwa. Katika ukimya ule nikasikia sauti yangu mwenyewe ikirudi kupitia simu yake, ndogo, yenye mikwaruzo: *courant gani*. Ilikuwa redio ya kifuani. Kisha nikasikia mwanamume akikohoa mara moja, na simu ikakatwa.

Nilicheka hewani. Kidogo, lakini nilicheka. Nikasema, "Daftari halidanganyi," nikachukua simu nyingine.

Kipindi kilipokwisha Papa Zihindula alikuwa akikunja nyaya. Anazikunja polepole, kwenye kiwiko, kama wanawake wanavyokunja uzi. Bila kunitazama akauliza:

"Mademoiselle, lile swali ulikuwa unamuulizia nani?"

Nikamwambia nilikuwa nauliza ukweli. Ukweli hauulizwi kwa ajili ya mtu. Nilikuwa na sentensi nzuri juu ya jambo hilo, niliyojifunza chuoni.

"Sawa," akasema, akaendelea kukunja.

Jumamosi iliyofuata Maman Nabintu hakupiga. Iliyofuata tena, hakupiga. Wasikilizaji waliuliza: gari ilitoka? Nilisema hatujui. Katikati ya juma nilipanda Cimpunda kwa miguu, nikiuliza njia, na sikuhitaji kuuliza sana. "Maman wa filme?" mtoto wa shule aliniambia. "Nyumba yenye mulango wa bluu. Lakini siku hizi hasemi tena."

Alinipokea mlangoni na kuniletea kiti kama ningekuwa mgeni wa heri. Papa Déo alikuwa amelala akiutazama ukuta, ikiwa neno ni kutazama. Redio ilikuwa sakafuni, imezimwa. Sahani ya ugali na dagaa wa sambaza ilikuwa kando yake, haijaguswa.

"Alisikia," Maman alinieleza kwa sauti ndogo. "Transfoma ilipoungua, jioni ya kwanza nilimuambia kweli: filme haiko, kwa jirani kuko giza. Hakukula. Ya pili, hakukula. Kila asubui alikuwa ananiuliza kitu kimoja, leo kutakuwa filme? Ningefanya nini? Niende kumuambia kama hata inje kuko giza? Yeye giza anayo ya kwake. Jioni ya tatu nilienda kukaa kwa jirani na bougie, mushumaa tu, nikakaa saa nzima, nikarudi na filme. Akala."

"Na ku redio? Kwa nini ulikuwa unatusimulia na sisi?"

"Alikuwa anasikiliza, mademoiselle. Kama sikusema ku redio, angejua."

Nilisogeza kiti karibu na kitanda. Nilikuja na maneno yangu ya kuomba msamaha, nikayasema, na yalikuwa maneno ya mtu aliyesoma sana. Papa Déo aliyajibu akiwa amegeukia ukuta vilevile.

"Wewe hukukosa, mademoiselle. Uliuliza kitu ya kweli." Akapumua. "Tangu macho ilienda, kila mutu ananidanganya. Munganga anasema kesho itakuwa muzuri. Batoto banasema mvua haikuingia mu nyumba, na mimi ninasikia maji ku miguu ya kitanda. Nilizani kuko mutu mumoja."

Maman alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikugeuka kumwangalia.

Nilifikiri kinachokosekana ni ukweli, kwa hiyo nikautoa. Nilimsimulia tamthilia jinsi ilivyokuwa kweli majuma yale: Mzee Kahawa alikaa ofisini, Tantine Sumu akabadilisha wosia, harusi ya Mudogo ikaahirishwa kwa ajili ya pete. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na gari?"

"Hakuna gari, papa."

"Inabaki imekwama?"

"Haikukwama. Haikutoka nyumbani."

Nilihesabu mpaka tatu.

"Basi hiyo ni filme ya batu benye kukaa," akasema, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo. Maman alinisindikiza mpaka njiani. Aliniomba nisirudi kabla mzee hajala.

Nilishuka nikiwa na hasira, na kwa mara ya kwanza sikumpata mtu wa kumkasirikia. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nimewauliza mapadri, nimewauliza maprofesa, nimemuuliza mama yangu kwa nini wali wa Krismasi una ladha tofauti na wali uleule wa siku nyingine. Bado naamini kuuliza ni kuzuri. Lakini swali langu la Jumamosi ile halikutafuta jibu, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo tayari mezani, limechorwa kwa misalaba. Mnaweza kubishana nami juu ya hilo. Ningependa mbishane.

Jumamosi iliyofuata sikufungua daftari. Nilipofungua kipindi niliwaambia wasikilizaji kitu ambacho hata Papa Zihindula hakukijua. Mwezi wangu wa kwanza nilichambua filamu moja kwa ukali na kusema mwisho wake ni dhaifu. Mwisho ule sikuuona. Umeme ulikatika dakika ishirini kabla, na mpaka leo sijui nani alikufa na nani alibaki.

Simu ikalia. Bwana wa Panzi.

"Mademoiselle, mara ile ulinishika moja. Hukunishika zile zingine sita."

Ikalia tena. Mama mmoja wa Nyamugo alisema yote aliyotuambia mwaka mzima aliyapata kwa msusi wake, na msusi hana televisheni. Kisha akaja yule kijana wa Nguba, sasa sauti imekuwa nzito.

"Dada, unakumbuka ile barua ya Tantine Sumu? Ya siku yako ya kwanza?"

"Naikumbuka."

"Siku ile courant ilienda kwetu pia. Ile barua niliiandika mimi."

Nyuma ya kioo Papa Zihindula alivua miwani akajifuta macho kwa kucheka. Nami nilikaa nikifikiri: mji mzima kwa miaka miwili ulibishana juu ya barua ya kijana wa Nguba, watu wakagombana na mashemeji zao kwa ajili yake, na wenye tamthilia yao huko waliko hawana habari.

Zilipobaki dakika tano saa sita ifike, ikatokea namba niliyoijua. Nikafungua. Redio ilipiga mluzi mkali ndani ya simu.

"Maman Nabintu, punguza redio kidogo..."

"Haiko Maman." Sauti ya mwanamume, kavu, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuitumia. "Ni Papa Déo wa Cimpunda. Bwana ya ule mama wa bongo, mama wa uongo."

Niligeuza kichwa kidogo, kama nilivyofundishwa. "Karibu, papa."

"Hii ni programu ya batu kusema mawazo yabo ku filme, hapana?"

"Ndiyo, papa."

"Basi nataka kusema yangu ku filme ya bibi yangu. Ya kwanza: hajui gari. Mu matope ya namna ile habaweke mawe. Banakata matawi, banaitandika mbele ya pneu. Na hakuna mutu anasukuma akiwa upande wa chini, gari ikirudi inamuua. Nimefanya njia ile maisha yangu yote. Najua." Akakohoa. "Ya pili: Muzee Kahawa yenu, ule wa televizyo, anakaa tu. Ule wa bibi yangu anatembea. Mimi napenda ule wa kutembea."

Nilihesabu moja, mbili, tatu. Nikaendelea. Nne. Tano.

"Ya tatu," akasema, na sauti ikashuka. "Juma tatu niko nalala hapa, sijue kama ile gari ilitoka. Muliikatia pale ku kilima, mvua inakuja. Nataka kujua. Asiniambie kama iko kweli. Aniambie tu."

Nikasikia shuka, kitanda, simu ikipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kisha pumzi ya Maman Nabintu. Hakunisalimu, wala hakuwasalimu wasikilizaji. Hakuwa akisema na sisi.

"Ilitoka, Papa Déo," alisema. "Lakini hapana siku ile. Siku ile usiku uliwakuta, bakalala mule mu gari, na ule Muzee na batu bake. Asubui akaamuka wa kwanza, akaomba panga, akaenda kukata matawi..."

"Ya muti gani?" sauti ya mzee ikauliza kutoka nyuma.

"Ngoja, nitasema. Hebu kula kwanza, nasimulia."

Kwenye saa ya ukuta mishale ilikuwa imekutana juu kabisa. Papa Zihindula alikuwa na kidole kwenye kitufe cha habari, mahali palepale kidole hicho kilipokuwa kila siku tangu mimi nikiwa mtoto. Alinitazama kupitia kioo. Sikumpa ishara yoyote, sikuwa na cheo cha kumpa ishara. Alitazama saa, akatazama simu iliyofungwa kwa mpira, akaondoa kidole na kukunja mikono kifuani.

Gari lilitoka matopeni. Aliyekata matawi aliyakata ya mkalitusi, baada ya majadiliano.

Habari zilichelewa dakika kumi na moja. Kabati lile la chuma mnalijua, ripoti za kila siku ziko humo, na mkiitafuta ya siku hiyo mtaikuta kwa mwandiko wa Papa Zihindula uliosimama wima kama uzio: *Habari zimechelewa. Sababu: hitilafu ya mtambo.* Ni uongo pekee niliowahi kumwona akiuandika. Ripoti inataka sahihi mbili. Ya chini ni yangu.